Mgonjwa Asiwe wa Mwisho Kujua Kwamba Dawa Imeadimika

Dawa muhimu inapokaribia kuadimika, wa kwanza kujua ni mwenye kiwanda na wa mwisho ni mgonjwa. Mwenye kiwanda huona mtambo umesimama, au shehena ya malighafi imekataliwa na maabara yake mwenyewe. Baadaye msambazaji huona oda yake imeletwa nusu, na mfamasia huona rafu inapungua huku simu anazopiga zikijibiwa kwa ahadi zisizo na tarehe. Mgonjwa hujua siku anapopeleka cheti chake dirishani na kuambiwa, "Imeisha, dada. Jaribu wiki ijayo," wakati ambapo pengine amebakiwa na vidonge vya siku tatu. Kati ya siku ile ya kiwandani na hii ya dirishani zinaweza kupita wiki nyingi, na hizo ndizo wiki ambazo yeye na daktari wake wangezitumia kupanga.

Ninachotaka kukijadili ni kipindi hicho kinachopotea. Mijadala ya uhaba wa dawa huhusu zaidi viwanda, bei, hataza (haki ya pekee ya kutengeneza dawa kwa muda fulani) na mikataba ya ununuzi, na ni sawa, kwa kuwa chanzo cha uhaba kimo humo. Lakini kufufua kiwanda au kumsajili mtengenezaji mpya huchukua miezi au miaka, ilhali kumweleza mgonjwa kwamba dawa yake haitapatikana kwa muda, afanye nini na zilizobaki, na ampigie nani simu, ni kazi inayoweza kuanza siku hiyohiyo taarifa inapopokelewa. Naamini sehemu kubwa ya madhara ya uhaba wa muda mrefu huzaliwa na ukimya huo, na kwamba kuuvunja ni sehemu ya tiba yenyewe, wala si hisani anayofanyiwa mgonjwa na mhudumu mwenye moyo mzuri.

Madhara yenyewe yamepimwa. Mwaka 2009 dawa ya saratani iitwayo mekloretamini iliadimika nchini Marekani, na madaktari waliokuwa wakiitumia kuwatibu watoto na vijana wenye saratani ya mfumo wa limfu ya aina ya Hodgkin wakaweka siklofosfamidi mahali pake. Uamuzi huo ulikuwa na hoja nzuri za kitabibu. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kwamba, baada ya miaka miwili, ambao walikuwa hawajapatwa na tatizo la kurudiwa na ugonjwa walikuwa asilimia 75, wakati miongoni mwa waliopata dawa ya awali walikuwa asilimia 88. Kwa mtoto aliyerudiwa, tofauti hiyo ilimaanisha kuanza upya kwa matibabu mazito zaidi kuliko yale aliyokwisha kuyavumilia. Noradrenalini, inayotumika kupandisha shinikizo la damu la mgonjwa aliyezidiwa na maambukizi, iliadimika nchini humo mwaka 2011, na utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulikuta kwamba katika hospitali zilizoathirika, vifo vya wagonjwa wa aina hiyo vilikuwa asilimia 39.6 katika vipindi vya uhaba, badala ya asilimia 35.9. Kwa hiyo daktari anaposema "tutatumia nyingine", anasema jambo linalohitaji kupimwa kwa makini, na mgonjwa ana haki ya kusikia likipimwa mbele yake.

Sababu za uhaba zinajulikana vya kutosha, nami sitakaa nazo sana. Ripoti ya mwaka 2019 ya Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilichunguza dawa 163 zilizoadimika kati ya 2013 na 2017, ikakuta kwamba asilimia 62 ya dawa hizo ziliadimika kutokana na matatizo ya utengenezaji au ubora. Nyingi ni dawa za zamani ambazo hataza zake zimekwisha, bei imeshuka hadi watengenezaji wengi wamejiondoa, na waliobaki hawapati faida ya kuwashawishi kununua mitambo mipya. Ndiyo maana kasoro ya jengo moja hugeuka kuwa tatizo la nchi nzima. Mwishoni mwa 2022 wakaguzi walikuta makosa mazito katika kiwanda kimoja cha Ahmedabad, India. Kiwanda kilipositisha uzalishaji, Marekani ikapoteza karibu nusu ya sisplatini yake, dawa inayotegemewa katika matibabu ya saratani nyingi. Mwaka 2019 vinkristini, ambayo haina mbadala unaokubalika katika kutibu saratani ya damu ya watoto, ilibaki na muuzaji mmoja nchini humo baada ya mwenzake kujiondoa, na uhaba ukafuata. Penisilini ya benzathini ndiyo tiba inayopendekezwa kumkinga mtoto aliye tumboni dhidi ya kaswende ya mama yake, na ndiyo sindano ya kila wiki tatu au nne inayomlinda aliyewahi kuugua homa ya baridi yabisi asizidi kuharibikiwa na valvu za moyo. Hata hivyo viwanda vinavyotengeneza kiambato chake hai ni vichache mno duniani, na nchi 39 ziliripoti kuikosa kati ya 2014 na 2016.

Haya yote humfikia mgonjwa yakiwa yamefupishwa kuwa neno moja, "imeisha". Anarudi nyumbani na neno hilo, anamwaga vidonge mezani, anavihesabu viwili viwili, kisha anajiamulia mwenyewe: nitameza kimoja badala ya viwili, au nitaruka siku, au nitakata katikati. Si ujinga unaomfanya afanye hivyo. Miaka yote ameambiwa asiache dawa, na sasa anatafuta njia ya kutoiacha kabisa. Tatizo ni kwamba hesabu inayovumilika kwa dawa moja ni hatari kwa nyingine, na kidonge chenyewe hakimwambii kiko kundi gani.

Levothairoksini, homoni anayoitumia mtu ambaye tezi yake ya thairoidi haifanyi kazi, hupungua mwilini polepole, nusu yake ikichukua takriban wiki moja kuondoka, hivyo kukosa siku mbili tatu kwa kawaida hakuleti janga. Dawa za kifafa ni kinyume chake: kuziacha ghafla kunaweza kuleta degedege zinazofuatana bila mgonjwa kurudiwa na fahamu, hali inayoweza kumuua. Aliyetumia prednisoloni kwa miezi mingi, tezi zake za adrenali, zilizo juu ya figo, zimepunguza kazi. Akikatisha ghafla, mwili hauwezi kutengeneza kotisoli, homoni inayousaidia kuhimili maradhi, ya kutosha, na maradhi madogo ambayo mwingine angeyapita amelala siku moja yanaweza kuliporomosha shinikizo lake la damu. Dawa za kundi la atenololi na propranololi zikikatishwa kwa mgonjwa wa moyo, maumivu ya kifua yanaweza kurudi kwa nguvu kuliko awali. Vipo pia vidonge vilivyotengenezwa ili viachie dawa taratibu kutwa nzima, na vingi vya aina hiyo vikikatwa au kupondwa hutoa dawa yote kwa mkupuo, kiasi kwamba anayedhani amejipunguzia huenda amejizidishia kwa saa chache na kubaki bila kinga saa zinazofuata.

Insulini inastahili kutajwa peke yake. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza hana akiba yoyote mwilini. Akiikosa kabisa, asidi hujikusanya kwenye damu na kuhatarisha maisha yake katika muda wa saa au siku chache. Hilo linafahamika. Lisilofahamika sana ni hatari inayokuja na mbadala. Kuna chupa zenye uniti 40 katika kila mililita na nyingine zenye uniti 100, na kila aina ina bomba lake la sindano lenye mistari yake. Mgonjwa aliyezoea chupa za 40, akipewa ya 100 kwa kuwa ndiyo iliyopatikana, akaivuta kwa bomba lake la zamani hadi mstari uleule wa kila siku, anajidunga kipimo kikubwa mara mbili na nusu kuliko kile alichoandikiwa. Kwenye rekodi ameshahudumiwa, na huenda usiku huohuo sukari yake ikashuka hadi akazimia. Bomba linalolingana na chupa, likiambatana na maelezo ya dakika mbili na mgonjwa kuombwa aonyeshe atakavyovuta, lingeizuia ajali hiyo.

Ukimya huu una upande wa pili, nao nauona ndio usiotazamwa kabisa. Mgonjwa aliyepunguza dozi nyumbani hufika kliniki akiwa na hofu ya kugombezwa, kwa hiyo anapoulizwa kama anameza dawa zake hujibu kwamba anazimeza. Daktari anatazama vipimo, anaona shinikizo limepanda au homoni ya thairoidi imeshuka, anasoma kwenye faili kwamba mgonjwa yuko kwenye dozi kamili, kisha anafikia mojawapo ya mahitimisho mawili: mgonjwa hafuati masharti, au dozi haitoshi. Akichukua la pili, anaandika dozi kubwa zaidi. Mwezi unaofuata dawa inarudi, na mgonjwa, akiwa amefurahi kuipata, anaimeza yote kama ilivyoandikwa. Dozi iliyopandishwa kwa sababu ya uhaba sasa inaingia mwilini kamili, na yule aliyekuwa na shinikizo la juu anaanza kupata kizunguzungu na kuanguka, au yule wa thairoidi anaanza kusumbuliwa na mapigo ya moyo yanayokwenda mbio. Tukio hili halitaonekana katika takwimu yoyote ya uhaba, kwa sababu lilitokea dawa ikiwa imejaa rafuni.

Tiba ya jambo hili ni ndogo kiasi cha kushangaza. Swali la "unameza dawa zako?" lina jibu moja tu linalokubalika, na kila mgonjwa analijua. Swali la "tangu dawa ilipoadimika umekuwa ukizitumiaje zilizobaki?" linampa ruhusa ya kusema kweli, kwa kuwa linakiri tangu mwanzo kwamba tatizo halikutoka kwake. Vilevile faili linapaswa kutenganisha mgonjwa aliyeacha dawa na mgonjwa aliyekosa dawa. Wakiandikwa kwa maneno yaleyale, wa pili hubeba sifa ya ukaidi itakayomfuata kwa kila daktari atakayelifungua faili hilo baadaye, na atakuja kushauriwa umuhimu wa kumeza dawa wakati alichokihitaji ni dawa ya kumeza.

Pingamizi kubwa dhidi ya uwazi ni kwamba utazua taharuki. Watu wakiambiwa dawa itaadimika, inasemwa, kila mmoja atakimbilia kununua ya miezi sita, na uhaba uliokuwa wa kuvumilika utakuwa mkubwa. Pingamizi hili lina uzito na halipaswi kupuuzwa, kwa sababu ulimbikizaji hutokea kweli. Lakini tujiulize nani hulimbikiza pale tunaponyamaza. Hulimbikiza mwenye ndugu anayefanya kazi bohari, mwenye daktari wa kumpigia simu usiku, mwenye fedha za kununua vya kutosha kwa mkupuo. Uvumi hauwafikii wote kwa wakati mmoja, na anayeupata kwanza ndiye anayezoa. Ukimya unaodaiwa kuzuia ulimbikizaji kwa hakika huwaachia kazi hiyo wachache wanaojua, na wanaobaki mikono mitupu ni wale waliofuata utaratibu na kusubiri tarehe yao.

Dawa ya taharuki ni kuitangaza taarifa pamoja na mgawo. Tetemeko la ardhi la tarehe 11 Machi 2011 lilipoikumba Japani, lilikisimamisha kiwanda cha mkoa wa Fukushima kilichokuwa kikitengeneza karibu levothairoksini yote ya nchi hiyo. Taarifa haikufichwa. Madaktari waliombwa waziwazi waache kuandika dawa za muda mrefu ili kila mgonjwa apate kidogo, dawa za dharura zikaagizwa kutoka nje, na kiwanda kikarudi kazini kabla mambo hayajafika pabaya. Nchini Uingereza, gelli na vidonge kadhaa vya homoni kwa wanawake walio katika ukomo wa hedhi vilipoadimika mwaka 2022, serikali ilitangaza kwamba kila mmoja atapewa dawa ya muda usiozidi miezi mitatu kwa mara moja. Mgawo wa aina hiyo haumfurahishi mtu, ila unampa sababu ya kutokimbia, kwa kuwa anajua jirani yake naye hawezi kuchukua zaidi.

Uingereza ina jambo jingine la kuigwa. Tangu mwaka 2019 sheria yake inaruhusu, dawa ikiwa katika uhaba mzito, kutolewa mwongozo wa kitaifa unaompa mfamasia uwezo wa kubadilisha nguvu ya kidonge, namna ya dawa, au wakati mwingine dawa yenyewe, bila kumrudisha mgonjwa kwa daktari. Mtu asiyejua dirisha la dawa linavyofanya kazi hawezi kuona thamani ya hili. Cheti kimeandikwa kidonge kimoja cha miligramu 500. Cha 500 hakipo, cha 250 kimejaa rafuni. Palipo na sheria ngumu, mfamasia analazimika kumrudisha mgonjwa kutafuta sahihi mpya ili apewe viwili badala ya kimoja. Mgonjwa huyo hana uhaba wa dawa. Ana uhaba wa ruhusa, na siku nzima inapotea kwa ajili hiyo.

Hali huwa mbaya zaidi kwa dawa zinazodhibitiwa kisheria. Mamlaka ya Marekani ilipotangaza Oktoba 2022 uhaba wa dawa ya mchanganyiko wa chumvi za amfetamini, inayotumiwa na watu wenye tatizo la umakini, wagonjwa walijikuta wakipiga simu duka baada ya duka, na walipolipata lenye dawa, cheti kilikuwa kimeshatumwa kwingine na hakikuweza kuhamishwa. Ilibidi daktari aandike kipya, na cheti kipya kilipofika, dawa ilikuwa imeshachukuliwa na wengine. Agosti 2023 kanuni ilibadilishwa kuruhusu cheti cha kielektroniki cha dawa za kundi hilo kuhamishwa mara moja. Marekebisho hayo yalihitaji kalamu tu, lakini yalikuja miezi kumi baada ya tangazo la uhaba. Na fikiria kazi yenyewe ya kutafuta, tuliyomwachia mtu ambaye ugonjwa wake ni kushindwa kufuatilia mambo mengi kwa mpangilio.

Kutafuta dawa ni kazi ya kweli, yenye saa, nauli na uchovu, na haigawanyiki kwa haki. Anayeweza kuomba ruhusa kazini, mwenye gari, mwenye kijana wa kumtuma, huipata dawa. Mzee anayeishi peke yake, mama mwenye kichanga na mfanyakazi anayelipwa kwa siku huikosa, hata pale jumla ya dawa iliyopo ingewatosha wote. Mfumo unaosema "jaribu kwingine" umechagua kigezo cha mgawo bila kukitamka, nacho ni nguvu za mtu kuzunguka. Sioni namna ya kukitetea kigezo hicho hadharani, na nadhani hiyo ndiyo sababu hakitamkwi.

Kigezo kinapotamkwa, hali hubadilika. Wakati wa uhaba wa sisplatini na mwenzake kaboplatini, nayo dawa ya saratani, mwaka 2023, vyama vya kitaalamu vya madaktari wa saratani nchini Marekani vilichapisha mwongozo: kipaumbele kiende kwa mgonjwa ambaye dawa inatarajiwa kumponya, dozi ikadiriwe ili kisibaki kitu cha kumwagwa kwenye chupa, na pale ambapo sayansi inaruhusu muda kati ya mizunguko ya matibabu urefushwe. Ni mwongozo mzito kwa mtu ambaye saratani yake imeshasambaa, na haitakuwa rahisi kumsomea. Hata hivyo, anayesomewa anaweza kuuliza, kupinga, kuomba maoni ya daktari mwingine, au kuomba jina lake liwekwe kwenye orodha ya kusubiri. Anayeambiwa tu kwamba "tumebadilisha mpango wako" hana la kuuliza, na akija kujua baadaye kwamba mwenzake wa kitanda cha pili aliendelea na dawa ileile, imani yake kwa hospitali nzima itakuwa imekwisha.

Penye pengo la taarifa rasmi huingia wauzaji. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2017 kwamba dawa moja kati ya kumi katika nchi za kipato cha chini na cha kati ni duni au bandia, na uhaba ni msimu wa mavuno kwa wafanyabiashara hao. Semaglutidi, dawa ya kisukari inayotumiwa pia kupunguza uzito, ilipoadimika duniani kutokana na mahitaji makubwa, Juni 2024 shirika hilo lilitoa tahadhari kuhusu matoleo bandia yaliyokwishagunduliwa katika nchi kadhaa. Kumwonya mgonjwa asinunue mitandaoni wala mikononi mwa watu ni wajibu, ila onyo lisilofuatwa na maelekezo ya mahali pa kupata msaada humwacha palepale alipokuwa, akiwa na muuzaji anayemwahidi dawa kesho na kliniki isiyomwahidi chochote.

Akiba husaidia, na nchi ambazo zimeilazimisha kisheria zimefanya vyema. Finland huwataka watengenezaji na waagizaji wa dawa nyingi muhimu kuweka akiba ya miezi mitatu, sita au kumi, kulingana na aina ya dawa. Lakini akiba kazi yake ni kununua muda. Miezi mitatu ya akiba inayotumiwa kwa matumaini kwamba meli itafika, bila yeyote kumwita mgonjwa na kumpangia mbadala taratibu huku vipimo vikifuatiliwa, humalizikia kwenye neno lilelile la "imeisha". Kwa dawa kama levothairoksini, ambayo baada ya mabadiliko ya dozi au aina huhitaji wiki sita hadi nane kabla kipimo cha damu hakijaonyesha kama mambo yako sawa, miezi hiyo mitatu ndiyo inayotosha kuhama kwa usalama, na haitoshi kupotezwa.

Sheria zimeshaanza kugusa jambo hili, ila zimeishia mlangoni. Nchini Marekani, tangu 2012, mtengenezaji wa dawa muhimu anatakiwa kuiarifu mamlaka miezi sita kabla ya kusitisha uzalishaji, au mapema iwezekanavyo. Katika Umoja wa Ulaya anatakiwa kutoa taarifa angalau miezi miwili kabla, isipokuwa kwa sababu za pekee. Taarifa hizo huingia kwenye orodha za mamlaka, ambazo nyingine huwekwa wazi. Lakini orodha huandikwa kwa lugha ya wasajili wa dawa, yenye majina ya viambato na ukubwa wa pakiti, na mtu anayemeza kidonge cheupe cha duara kila asubuhi hajui kwamba mstari ule unamhusu. Wajibu unaotajwa ni wa kiwanda kwa mdhibiti. Ninachokidai ni mstari mmoja zaidi, unaoutaja wajibu wa kituo cha tiba kwa mgonjwa wake.

Taarifa hiyo haihitaji kuwa ndefu. Imtajie dawa kwa jina analolijua na kwa muonekano wake. Imwambie tarehe inayotarajiwa ya kurudi, na kwamba tarehe hiyo inaweza kusogea. Imweleze kama zilizobaki azimeze kama kawaida, azipunguze kwa mpangilio fulani, au asiziguse kabisa hadi aonane na daktari. Imtajie dalili mbili au tatu za kumkimbiza hospitali. Na impe namba ya simu inayopokelewa. Ikiwa hakuna mbadala, isemwe hivyo. Nimewasikia wahudumu wakisema kwamba hawapendi kumwita mgonjwa kama hawana suluhisho la kumpa, na naelewa uzito wa kukaa mbele ya mtu ukiwa huna kitu. Lakini mgonjwa anayejua kwamba hakuna mbadala anaweza kuchelewesha safari, kumfundisha mwenzake wa nyumbani namna ya kumlaza kwa ubavu degedege zikianza, kuacha kuendesha gari kwa muda, au kukaa karibu na hospitali. Hivyo vyote ni hatua za kitabibu, na hakuna hata kimoja kinachohitaji kidonge.

Majina ya wanaopaswa kupigiwa simu tayari yapo. Kila kliniki ya kifafa, kisukari, moyo au saratani ina daftari au kompyuta inayoonyesha nani anatumia dawa gani na tarehe yake ya kurudi ni lini. Taarifa ya uhaba inapoingia, mtu mmoja aliyepewa jukumu hilo kwa jina na kwa saa za kazi zilizotengwa anaweza kulichambua daftari, kuanza na wale ambao kuikosa dawa kwa siku moja ni hatari, na kuwafikia wote kabla tarehe zao hazijafika. Kazi hiyo iandikwe kwenye mgawanyo wa majukumu wa kila kituo kinachotoa dawa za magonjwa sugu, na mkaguzi anapofika aulize, pamoja na idadi ya makasha yaliyomo stoo, ni wagonjwa wangapi waliarifiwa na ni siku ngapi kabla ya dawa kuisha.